Lile unaloliita ua la bugenvilia ni jani

Masika yakiisha na anga ikatakata, swali ni lilelile kila mwaka. Linakuja kwenye makundi ya simu ya wapenda bustani, na hata msibani mtu atakuvuta pembeni akishajua kwamba unapenda miche: "Bugenvilia yangu ni majani matupu, ya jirani inawaka ukutani. Naimwagilia asubuhi na jioni, mbolea nimeipa. Ina nini?" Hapohapo majibu yanamiminika. Ongeza maji. Ongeza mbolea. Hiyo ni dume, haizai maua, kata upande nyingine.

Wanaojibu hivyo wana nia njema, na ndiyo maana inaniuma kuona miche mizuri ikikatwa kwa ushauri wao. Tatizo linaanzia kwenye kitu ambacho tunakipita kila siku bila kukitazama kwa karibu. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye maji na mbolea, nakuomba kitu kimoja: nenda kwenye bugenvilia yoyote iliyochanua, chuma kishada kimoja, kiweke kiganjani.

Utaona vijani vitatu vyembamba kama karatasi, vya zambarau, waridi, chungwa au rangi yoyote ya mmea huo. Viinue kwenye mwanga. Kila kimoja kina mshipa mkubwa katikati na mishipa midogo inayotawanyika pembeni, vilevile kama jani la mchicha. Sasa tazama ndani, pale vinapokutana. Kuna vijiti vitatu vyembamba, kila kimoja kimegandana na mshipa wa kijani chake, urefu wake kama nusu ya njiti ya kiberiti. Kwenye ncha ya kijiti, kikiwa kimefunguka, kuna kinyota kidogo cheupe au cha rangi ya maziwa.

Hicho kinyota na kijiti chake ndiyo ua. Hayo mengine yote, ile rangi inayoonekana toka barabara ya pili, ni majani. Wataalamu wa mimea huyaita brakti: jani lililobadilishwa kazi, likaacha kupika chakula cha mmea na kuwa mlinzi na mpiga debe wa ua. Kama jina hilo ni geni, kitu chenyewe unakifahamu. Lile ua la mgomba linaloning'inia mwishoni mwa mkungu lina magamba mazito ya rangi ya damu ya mzee. Ukifunua gamba moja unakuta safu ya maua membamba yamejipanga chini yake. Lile gamba ni brakti. Bugenvilia imefanya jambo hilohilo, ila magamba yake ni mepesi na rangi zake zinapiga kelele zaidi.

Ukishalijua hili, mengi yanajieleza yenyewe. Petali za waridi hunyauka baada ya siku chache, lakini rangi ya bugenvilia inakaa wiki nyingi kwa sababu jani limeumbwa kudumu kuliko petali. Ua dogo la katikati likishachavushwa, mbegu hubaki imeshikamana na brakti yake, brakti inakauka, upepo unaichukua na kuirusha kama bawa. Zile karatasi unazozifagia uani kila asubuhi ni mabawa ya mbegu, ingawa bugenvilia nyingi za bustanini ni machotara yasiyotoa mbegu za maana, kwa hiyo usishangae kama hujawahi kuona mche ulioota wenyewe.

Hapo pia ndipo linapoanguka lile la dume na jike. Wengi wetu tumekua tukiona mipapai, na mpapai dume kweli hauzai, unakatwa. Bugenvilia haiko hivyo. Kila kinyota kina sehemu za kiume na za kike pamoja. Hakuna bugenvilia dume. Iliyokataa kutoa rangi imekataa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo mara nyingi imeshika ndoo ya maji mkononi.

Lakini kwanza tuweke maneno mawili sawa.

Bugenvilia ni jina la jenasi. Fikiria jenasi kama ukoo, na spishi kama nyumba ndani ya ukoo huo. Ukoo huu una nyumba zisizopungua kumi na kitu, zote asili yake Amerika Kusini, kuanzia Brazili na Peru hadi kaskazini mwa Argentina. Zilizoingia bustanini kwa wingi ni tatu: Bougainvillea spectabilis yenye majani ya manyoyamanyoya na miba mikali iliyopinda, Bougainvillea glabra yenye majani laini yanayong'aa, na Bougainvillea peruviana. Mbili za mwisho zilizaana zikatoa chotara, Bougainvillea × buttiana, aliyepatikana kwenye bustani moja huko Cartagena, Kolombia, mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingi za nyekundu na za rangi ya chungwa tunazoziona leo zimetoka kwake. Kwa hiyo unapofananisha yako na ya jirani, huenda unafananisha nyumba mbili tofauti. Moja huchanua ikiwa bado fupi, nyingine inataka kwanza ifike darini.

Neno la pili ni mtambaazi. Bugenvilia ni mmea wa kutambaa, lakini haina mikono. Mpasheni una vikonyo vinavyojisokota kwenye waya, na maharage ya kupanda hujizungusha kwenye mti. Bugenvilia haina kimojawapo. Inarusha matawi marefu juu ya mimea mingine, halafu inajishikilia kwa miba iliyopinda kama ndoana. Ndiyo maana ukiipanda chini ya ukuta laini na kuiacha, itaanguka mbele na kuwa kichaka. Haijashindwa kukua, imekosa tu pa kushika. Funga matawi kwa kamba laini kwenye waya au misumari, yaelekeze unakotaka, nayo itakufuata.

Huitwa pia mmea wa kijani daima, na hapa wengi huingiwa na hofu. Kijani daima maana yake haina msimu wa lazima wa kupukutisha majani yote. Mvua zikiwa za mwaka mzima, itabaki na majani mwaka mzima. Ukame ukikaza, inaweza kuyaangusha mengi ili kutunza maji, na ukaona fito tupu zenye miba. Usiing'oe. Kwangua ganda la tawi kidogo kwa ukucha: ukikuta kijani kibichi chini yake, iko hai.

Na mara nyingi kinachofuata baada ya majani hayo kuanguka ni rangi.

Kule ilikotoka, bugenvilia imezoea sehemu zenye msimu wa mvua na msimu wa ukavu. Mvua zikinyesha inatumia nguvu zake zote kurefusha matawi na kujaza majani. Ukavu ukija inasimamisha kukua na kuanza kutoa maua. Kwenye nchi zilizo mbali na ikweta kuna dalili ya pili, siku kuwa fupi na usiku kuwa mrefu, na bugenvilia inaisoma vizuri. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, haubadiliki sana, kwa hiyo dalili iliyobaki na nguvu ni kiu. Ndiyo sababu ukipita Tanga, Dar es Salaam au Mombasa kipupwe kikianza, na tena kwenye jua la Januari na Februari, kuta zimewaka. Wakati wa masika kuta hizohizo ni kijani kitupu.

Sasa mtazame yule anayemwagilia asubuhi na jioni. Kila siku anauambia mmea wake kwamba masika bado hayajaisha. Mmea unamsikiliza, unaongeza majani. Akiongeza na mbolea ya kukuzia, yurea au CAN, ambayo kazi yake hasa ni majani, anakuwa ameuwekea mmea karamu ya kijani. Hapo hakuna uchawi wala ugonjwa. Bugenvilia inafanya kile hasa inachoambiwa.

Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili na bugenvilia ya namna hiyo kwenye ndoo ya lita 20 barazani. Ilikuwa na majani mazuri, mapana, ya kunyooka, na nilikuwa najisifu kwa afya yake. Kisha nikasafiri wiki tatu mwezi Julai, na aliyebaki nyumbani alisahau kabisa kwamba kuna mmea. Niliporudi majani yalikuwa yamelegea, mengine yako sakafuni, na kwenye ncha za matawi kulikuwa na vijichipukizi vidogo ambavyo havikuwa kama vya kawaida. Vilikuwa vya kijani, vitatu vitatu, vimebanana kama viganja vilivyofungwa. Baada ya siku chache kingo zake zikaanza kushika rangi ya waridi, kwanza kama mtu amezipaka kwa kidole, halafu rangi ikasogea hadi kwenye mishipa. Usahaulifu wa mtu mmoja ulifanya kile ambacho mapenzi yangu yalishindwa kufanya kwa miaka miwili.

Tangu hapo nafanya hivi. Mmea ukishashika vizuri, yaani umemaliza angalau mwaka wake wa kwanza ardhini, naacha udongo ukauke hadi majani yaanze kulegea kidogo, ndipo namwagilia kwa wingi mpaka maji yazame chini kabisa, kisha naacha tena. Maji kidogokidogo ya kila siku ndiyo mabaya kuliko yote. Mche mchanga ni habari nyingine, huo unahitaji unyevu mpaka mizizi itulie. Na mizizi ya bugenvilia ni myembamba na dhaifu mno, kwa hiyo ukihamisha mche kutoka kwenye mfuko wa kitaluni, chana mfuko taratibu na uushushe shimoni na udongo wake wote. Ukiutingisha udongo ukadondoka, umeshaua nusu ya mmea.

Jua ndilo lisilo na mjadala: saa 6 za jua kamili kwa siku, angalau. Bugenvilia iliyo chini ya mwembe itaishi, itapanda kuutafuta mwanga, lakini rangi utaiona juu ya mwembe tu. Na kupogoa kusikutishe. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo wimbi la rangi likipita, kata ncha za matawi. Asiyekata hupata fito ndefu zenye rangi mwishoni tu, mbali na macho.

Sasa tuje kwenye rangi zenyewe, kwa sababu kuna malalamiko mengine ambayo hayahusu maji. "Niliuziwa ya manjano, imegeuka zambarau." Limenikuta na mimi. Muuza miche mmoja wa kando ya barabara aliniuzia shina moja lenye rangi tatu, nyeupe, chungwa na zambarau, na nikalilipia vizuri. Mwaka haukuisha ikabaki zambarau peke yake. Nilidhani nimetapeliwa, kwamba zile rangi zilipakwa.

Hazikupakwa. Shina lile lilikuwa limebebeshwa: vikonyo vya aina tatu vimeunganishwa juu ya shina la aina moja ngumu, vilevile kama wakulima wanavyobebesha maembe. Shina la chini mara nyingi ni la zambarau ya kawaida, lenye nguvu kuliko zote. Likichipua chini ya pale palipounganishwa na usikate chipukizi hilo, linakunywa maji yote na kuwazidi wageni wake hadi wanakufa. Kosa lilikuwa langu na la muuzaji kwa pamoja: yeye hakuniambia, na mimi niliyafurahia machipukizi mapya badala ya kuyakata. Ukinunua ya kubebeshwa, tafuta vile vifundo vya kuungia kwenye shina, na kila chipukizi kinachotoka chini yake kikate mara kikionekana.

Kuna pia bugenvilia ambayo hubadilika yenyewe. Aina nyingine brakti zake hufunguka za dhahabu na kuzeeka za waridi, huo ni umri tu. Na mara mojamoja tawi moja kwenye mmea mzima hutoa rangi ngeni bila kubebeshwa, kwa sababu chembe za chipukizi lile zimebadilika kiasili. Bustani za dunia zimepata aina nyingi kwa njia hiyo: mtu makini aliona tawi moja tofauti, akalikata, akalipanda peke yake.

Kumwagilia maji ya rangi, kuchimbia misumari yenye kutu, kumwaga chai ya rangi shinani: hakuna hata kimoja kinachobadilisha rangi ya bugenvilia. Rangi yake inatoka ndani, na ni ya aina ya pekee. Mimea mingi yenye rangi nyekundu na zambarau, kama rozela, hutumia rangi iitwayo anthosianini. Bugenvilia hutumia betalaini, rangi ileile ya bitiruti na ya mchicha mwekundu unaogeuza maji ya sufuria. Hadi leo wanasayansi hawajapata mmea wenye rangi hizo mbili kwa pamoja. Ni koo mbili zisizooana.

Unaweza kuliona hili jikoni. Loweka rozela kwenye glasi moja ya maji ya moto na brakti za bugenvilia kwenye nyingine. Kamulia limau kote kuwili: rozela inang'aa nyekundu zaidi, bugenvilia karibu haishtuki. Sasa chukua glasi nyingine mbili bila limau, tia magadi kidogo: rozela inaelekea kwenye kijani na samawati, na bugenvilia, magadi yakizidi, inapoteza uzambarau wake na kuwa manjano. Watoto wakiona hivyo hawatasahau.

Ila glasi hiyo ni ya kutazama, tafadhali. Nasema hivi kwa sababu kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba majani ya bugenvilia yanatibu kisukari. Ujumbe huo una chembe ya ukweli, na hilo ndilo linaloufanya uwe wa hatari. Ni kweli kwamba majani ya spectabilis yamechunguzwa maabara kuhusu sukari ya damu, mengi kwa panya, na kwamba huko Meksiko watu hunywa chai ya brakti kwa kikohozi. Lakini panya wa maabara si mama yako mwenye kisukari. Hakuna kipimo kilichothibitishwa cha mtu kunywa, na ambaye tayari anatumia dawa anaweza kushusha sukari kupita kiasi bila kujua, au akaacha dawa zake na kuumia. Usiache dawa ya hospitali kwa ajili ya ua la ukutani. Au jani, kama tulivyokwisha kusema.

Na wale wanaosema ni mmea wetu wa pwani tangu mababu? Naelewa kwa nini. Ukiona bugenvilia imemwagika kwenye kuta za chokaa za Lamu au Mji Mkongwe unaona kama vilizaliwa siku moja. Lakini kuta zimetangulia. Ulaya iliifahamu bugenvilia kwanza mwaka 1767 pale Rio de Janeiro, meli za Kifaransa za nahodha Louis-Antoine de Bougainville zilipotia nanga zikiwa safarini kuizunguka dunia. Mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, aliupa mmea jina la nahodha wake.

Commerson alikuwa mgonjwa wa mguu, na mzigo mkubwa wa kazi ya kutafuta na kubeba mimea uliangukia kwa msaidizi wake, kijana mmoja mkakamavu. Kijana huyo alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejivika mavazi ya kiume kwa sababu jeshi la majini la Ufaransa lilikataza wanawake melini. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba mkono uliochuma bugenvilia ile ya kwanza ulikuwa wake. Wote wawili walishuka kisiwani Mauritius, kwenye bahari yetu hii ya Hindi. Commerson alifia huko mwaka 1773. Baret alirudi Ufaransa baadaye, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mmea ukabaki na jina la nahodha. Hata jina hilo lilipochapishwa kitabuni mwaka 1789 liliandikwa Buginvillaea, likasahihishwa karne ya 20, kwa hiyo anayesema bogonvilia na anayesema bugenvilia wasigombane.

Karne ya 19 bustani za Ulaya, Kew ya London ikiwemo, ziliusambaza hadi kwenye makoloni, nasi tukaupata kwa njia hiyo. Nairobi uliingia mpaka kwenye sura ya jiji: baada ya Vita Kuu ya Pili msimamizi wa bustani za jiji, Peter Greensmith, aliupanda kwa wingi kandokando ya barabara, na Uhuru Highway ikajulikana kwa rangi hizo.

Wapo pia wanaosema bugenvilia huvuta nyoka nyumbani. Haina harufu wala chakula kinachomwita nyoka. Nyoka hufuata panya, vyura na mijusi, na kichaka chochote kizito kilichogusa ardhi kinawahifadhi hao wote. Safisha chini yake, inua matawi ya chini, basi. Cha kuogopa kweli ni mwiba. Vaa glovu nzito unapopogoa, na mwiba ukivunjikia karibu na kiungo cha kidole, kisha kidole kikavimba na kukataa kupinda, nenda hospitali useme ni mwiba wa bugenvilia. Kipande kilichobaki ndani kinaweza kuendelea kuleta uvimbe muda mrefu baada ya ngozi kufunga.

Jirani yangu, naye mmoja wa wale wanaomwagilia asubuhi na jioni, ameweka ndoo chini tangu Juni. Ameniomba na kipandikizi cha ile yangu ya waridi. Nimemkatia tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, nimelipunguza majani na kulichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini. Nimemwambia aache mkono. Kitachipua majani juu kabla ya mizizi chini, atadhani kimeshika, atatamani kukivuta aone, na vile vizizi vya kwanza ni vyembamba kama uzi.